Maharage Yaliyoivia Kikapuni

Watu wa kwetu wakisikia kwamba mtu atatoa ushuhuda, hukaa vizuri kwenye benchi wakingoja habari za ugonjwa uliopona au pombe iliyoachwa. Ushuhuda wangu hauna hata kimoja kati ya hayo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Luberizi. Mume wangu analima mpunga, na shamba likilala anaendesha teksi ya pikipiki. Tuna watoto wanne. Ninachotaka kushuhudia ni kwamba siku hizi nyumbani kwangu watu wanakula kabla giza halijaingia, wanakula chakula kitamu, na hakuna mtoto wa kike anayeacha daftari ili akapepee makala ya kupikia. Asiyeishi huku ataliona jambo dogo. Aje kwanza akae nasi wiki moja.

Luberizi iko katika tambarare ya Ruzizi, kando ya barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Uvira, ikapita Sange, ikatufikia sisi, ikaendelea Luvungi na Kamanyola, kisha ikaanza kupanda milima ya Ngomo kuelekea Bukavu. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, mji wa baridi ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ndoa ndiyo iliyonishusha huku. Kule juu, kukaa mbele ya mbabula, jiko letu la makala, jioni ni starehe. Watoto hugombania nafasi karibu na moto. Huku chini, mtu aliyesimama darasani kutwa nzima chini ya bati akirudi nyumbani na kuinamia makala, anahisi jua limemfuata hadi jikoni.

Si kwamba chakula hakuna. Tambarare hii inatoa mpunga, muhogo, mahindi, vitunguu, na nyanya nyingi hadi zinapelekwa Bukavu kwa malori. Ndagala, yaani dagaa, wanatoka Uvira, mawese yanatoka huko huko kusini kando ya Tanganyika. Tulichokuwa tunakikosa ni muda, na ulizidi kukosekana kuanzia Septemba 2019, serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure. Nililifurahia tangazo hilo na bado nalifurahia. Lakini watoto walikuja kwa wingi, hata dirishani wakakaa, na madaftari ya kusahihisha yakaongezeka kama watoto wenyewe. Nikawa narudi nyumbani jua likiwa linaegemea milima, mikono imejaa chaki, na maharage bado makavu ndani ya kopo.

Maharage makavu yakianza kuchemka saa kumi na mbili jioni, fanya hesabu mwenyewe. Tulikuwa tunakula usiku. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaamshwa ili ale, anatafuna macho yamefumba, na asubuhi anakataa kwamba alikula. Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani wa taifa, na kila jioni yeye ndiye aliyekuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, huku kaka yake anayemfuata akicheza mpira uwanjani. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ndivyo tulivyozikuta nyumba zote, ndivyo tukaendelea.

Mabadiliko yalianzia kwenye somo la sayansi, si kwenye semina ya mashirika. Nilikuwa nawafundisha watoto kuchemka kwa maji: kwamba mahali pa juu kama Bukavu maji huchemka kwenye joto la karibu digrii 95, na kwamba huku tambarare yanachemka kwenye joto la juu zaidi kidogo, ndiyo maana sufuria ile ile ya maharage inachelewa kule na kuwahi huku. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, kama maji yameshachemka, tukiongeza makala, yatakuwa na moto zaidi?" Nikajibu kama kitabu kinavyosema: hapana, yataongeza mvuke tu. Nikaendelea kuandika ubaoni. Jibu hilo halikutoka kichwani mwangu siku nzima. Ikiwa makala ninayoongeza yanatengeneza mvuke tu, basi kinachoivisha maharage ni lile joto lililomo tayari ndani ya maji. Kazi yangu ni kulizuia lisitoke.

Sokoni kulikuwa na mama mmoja muuza chakula ambaye kila siku nilimwona akifunga sufuria yake kwa magunia na blanketi kuukuu. Nilidhani anazuia vumbi la malori. Nilipomuuliza, alicheka: "Mwalimu, yanaendelea kuiva humo. Mimi nilifundishwa na mama yangu." Baadaye nikaja kusoma kwamba ujuzi huo una miaka mingi hata Ulaya: mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, watu wa Norway walionyesha sanduku lililofanya kazi hiyo hiyo, sufuria imechemshwa kisha imefungiwa ndani ikaendelea kuiva bila moto. Yule mama wa sokoni hakuhitaji Paris.

Chombo changu cha namna hiyo nilikitengeneza kwa vitu vya hapa. Nilichukua kikapu kikubwa, cha aina ile ya kubebea nyanya. Ndani nikapanga majani makavu ya ndizi, tabaka juu ya tabaka, nikaacha shimo lenye ukubwa wa sufuria. Kisha nikashona mito miwili kwa kikwembe kilichochakaa, nikaijaza makapi ya mpunga. Hapo ndipo Luberizi inapowashinda wengine: kwenye mashini za kukoboa, makapi yanarundikana kama vilima na mtu anakushukuru ukimwondolea. Makapi hayapitishi joto upesi. Mto mmoja unakaa chini ya sufuria, mwingine juu ya mfuniko, na kila kitu kinafungwa kwa blanketi.

Sasa maharage yangu yanakwenda hivi. Usiku kabla ya kulala yanaingia majini. Asubuhi, saa kumi na moja, makala yanawashwa kwa ajili ya uji wa watoto, jambo ambalo lilikuwepo tangu zamani. Maji ya kulowekea yanamwagwa, maharage yanatiwa maji mapya na kuwekwa motoni, yanachemka kwa nguvu wakati watoto wanaoga na kutafuta viatu. Nasisitiza kwa nguvu, tena kwa muda mzuri, robo saa na kuzidi, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayouma tumbo na haiondoki kwa joto la uvuguvugu. Lazima yachemke kweli kweli kwanza. Baada ya hapo sufuria inashuka, mfuniko hauinuliwi hata kidogo, inaingia kikapuni, nami naenda zangu shuleni. Nikirudi yameiva, laini, hayakuungua, hakuna aliyeyachunga. Jioni ni kuyarudisha motoni yachemke tena, na kuyaunga tu: kitunguu, nyanya, chumvi, fungu la lengalenga lililokatwa, na mawese kidogo mwishoni.

Mwishoni, nimesema. Kwetu kuna mazoea ya kuchoma mawese hadi yapoteze wekundu, moshi ukijaa nyumba, ndipo kitunguu kiingie. Ule wekundu ndio unaotengeneza vitamini A mwilini, na moto mkali unauua. Ukitia mafuta wakati chakula kinakaribia kushuka, unabaki na rangi, harufu na faida, na unaokoa dakika za kuchoma. Mume wangu alilalamika siku za kwanza kwamba anasikia mawese mdomoni. Nikamwambia ndiyo maana tunayanunua.

Kitu cha pili kilichogeuza jikoni ni Jumamosi. Zamani kila jioni ilikuwa na kazi zake zote kuanzia mwanzo: kutwanga, kuchambua, kukaanga, kusaga pilipili. Sasa yote yanayoweza kukauka au kukaa yanafanywa Jumamosi asubuhi, mchana kweupe, mikono ikiwa mingi. Huku kwetu hatuna friji, na sitaki kumdanganya mtu kwamba chakula kilichopikwa kitakaa siku tatu katika joto hili. Kinachokaa ni viungo.

Cha kwanza ni ndagala. Ndagala wakavu wanachambuliwa, mchanga unatoka, wanakaangwa bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, wanatwangwa pamoja na pilipili kavu na chumvi kidogo. Ule unga unakaa kwenye kopo lenye mfuniko mzuri. Kijiko kimoja ndani ya sombe, ndani ya maharage, ndani ya matembele, na jirani anauliza leo mmepika nini. Tangu kopo hilo liingie nyumbani, vile vipande vya supu vya dukani, ambavyo nilikuwa navitia viwili viwili, navitia mara chache sana. Sivichukii. Ila vinapeleka chumvi nyingi mdomoni na ladha moja kwa kila kitu, hata huwezi kutofautisha lengalenga na kabichi.

Anayenunua ndagala lazima aujue mwezi. Wavuvi wa Tanganyika wanavua usiku kwa taa. Samaki wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linang'aa na taa hazivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Mimi nanunua wakati wa giza, ndagala wakiwa wengi, nanunua wa kutosha, nakausha tena juani hata kama muuzaji ameapa kwamba ni wakavu. Siku hizi kuna pia miezi ya kupumzisha ziwa, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kama nchi nne zinazolizunguka zilivyokubaliana. Mwenye kopo lililojaa mwezi wa tano anapita miezi hiyo bila kuhangaika sana.

Nyanya ndizo zilizokuwa zinaniumiza roho. Kuna majira hapa ambapo zinaiva zote pamoja, lori limekwama Ngomo kwa sababu ya mvua, na mkulima anaona mazao yake yanaoza kwenye vikapu. Halafu kiangazi cha mbele unanunua nyanya nne kwa bei ya chungu nzima. Sasa zikiwa nyingi, nazikata nyembamba, nanyunyizia chumvi, nazianika juu ya bati safi lililofunikwa chandarua kuzuia nzi. Jua la tambarare linafanya kazi hiyo bure. Zikikauka kabisa hadi zivunjike, zinakwenda kinuni na kuwa unga mwekundu wenye ukali mtamu. Unga huo, kitunguu na maji ya moto vinatosha kuwa mchuzi. Hakuna kukaanga nyanya hadi zisambaratike huku mtoto akilia njaa.

Siku ya haraka kabisa, ile ambayo kikao cha wazazi kimevuta hadi jioni, ni wali wa sufuria moja. Kitunguu kinakaangwa kwa mafuta kidogo, unga wa nyanya unaingia, mchele wa hapa hapa unaoshwa na kuingia, ugeuzwe hadi upate rangi, kisha maji ya moto kutoka kwenye termosi, mara mbili ya mchele. Maji yakikaribia kukauka natandaza juu yake ndagala wazima waliokaangwa Jumamosi, pilipili moja nzima isiyopasuliwa kwa ajili ya harufu, nafunika, naingiza kikapuni. Nikimaliza kuoga, wali umekauka vizuri na haujashika chini. Wali huo unaliwa siku hiyo hiyo. Wali uliolala nje ya friji una vijidudu vinavyotengeneza sumu, na kuupasha moto hakuiondoi; kuku wanafurahi kuupata.

Ile termosi nayo nisiisahau. Asubuhi, makala yakiwa bado mekundu baada ya maharage, naijaza maji yanayochemka. Jioni maji hayo yanafika kwenye sufuria ya bugali yakiwa moto bado, yanahitaji moto mdogo tu kurudi kuchemka. Bugali wenyewe hauna njia ya mkato na sitafuti. Unasongwa saa ya kula, unaliwa moto. Unga wa muhogo nauchanganya na wa mahindi, kwa sababu muhogo mtupu unajaza tumbo lakini haumwachii mtoto kitu kikubwa.

Sombe ndiyo iliyoleta vita. Majani ya muhogo yana sumu ya asili. Yanatakiwa yatwangwe vizuri, kisha yachemke muda mrefu bila mfuniko mwanzoni ili sumu itoke na mvuke. Hapo hakuna haraka, na yeyote anayekufundisha sombe ya nusu saa mkimbie. Nilichobadilisha ni kinu tu: nikaanza kupeleka majani kwenye mashini, pamoja na kitunguu cha majani na bilinganya, yakasagwa wakati nasubiri. Mama mkwe alipoonja alisukuma sahani polepole. "Binti yangu," akasema, "hii ni sombe ama ni uji wa mgonjwa?"

Nilitaka kujitetea, lakini alikuwa na haki. Mashini inasaga mno. Majani yanakuwa laini hadi yanateleza, na ule mkwaruzo mdogo ulimini, ambao ndio sombe yenyewe, unapotea. Tukapatana. Majani yanachovywa kwanza kwenye maji ya moto ili yalegee, kisha yanatwangwa kwa kinu Jumamosi, na wanaotwanga ni wavulana. Sombe inachemka asubuhi hiyo yote pembeni wakati mambo mengine yanaendelea. Tunaila Jumamosi, tunaichemsha tena na kuila Jumapili pamoja na karanga zilizotwangwa. Jumatatu haifiki, kwa joto hili isingefika salama, na kwa watoto wangu isingefika kwa sababu nyingine.

Wavulana kutwanga lilikuwa jambo la kusemwa mtaani. Mtoto wangu wa pili alirudi siku moja amenuna, wenzake wamemwita mama wa nyumba. Baba yake, ambaye si mtu wa maneno mengi, alichukua mchi akatwanga mbele ya mlango, nje, mahali ambapo kila pikipiki inayopita inaona. Hakutoa hotuba. Alitwanga vibaya, majani yakaruka hadi kwenye miguu yake, lakini alitwanga. Binti yangu alikuwa ndani akifanya hesabu za sehemu chini ya taa ya jua. Mtihani aliupita. Siwezi kusema ni kwa sababu ya kikapu. Yeye ni mtoto mwenye bidii. Najua tu jioni zake zilikuwa zake.

Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na kuanza kushuka Kamanyola, watu wengi wa tambarare walivuka mto Ruzizi kwenda Rugombo, ng'ambo ya Burundi. Nasi tulivuka. Katika haraka ile kila mtu anabeba anachoona. Mimi nilibeba vyeti vya watoto, blanketi, sufuria, na yale makopo mawili: unga wa ndagala na unga wa nyanya. Kule, ulipopata mchele kidogo au unga wa mahindi, kuni ndizo zilizokuwa shida, watu wakigombania vijiti. Tulichemsha kwa vijiti vichache, tukafunga sufuria kwa blanketi, tukaikumbatisha nguo zote tulizokuwa nazo, tukangoja. Mama mmoja aliyelala karibu nasi alidhani tunaficha chakula. Tulipofungua akaona mvuke unapanda bila moto, aliita wenzake. Kijiko cha ndagala kiligawanywa kwa watu ambao sikuwajua majina.

Huku nyumbani, wanawake kadhaa wa mtaa wetu wana vikapu sasa, na mmoja ametumia povu la godoro kuukuu badala ya makapi; cha kwake kinashika joto kuliko changu, nakiri kwa wivu. Gunia la makala linakaa zaidi kuliko zamani, na hilo ndilo waume wanalolitaja wakisifu, kwa sababu ndilo linalogusa mifuko yao.

Mama mkwe hajakubali kikapu. Anasema chakula kisichosikia moshi ni cha hospitali. Siku za sikukuu anapika sombe yake mwenyewe kwenye kuni, mafiga matatu, kwa kinu chake kile kile, asubuhi hadi jua linapogeuka, na ukoo mzima unakwenda kula kwake. Mimi napeleka wali.